Muulize Mjomba: Gari la moshi lenye miguu, punda ndani na dohani chini

Mwezi huu maswali ya mapenzi na ya mikopo ya simu nimeyaweka kando, manake imeingia barua moja kutoka Kibokoni nimeisoma mara tatu, ya kwanza nacheka, ya pili natafuta kalamu, ya tatu nimemwita mke wangu aache samaki jikoni aje asikie. Nyengine zilizokuja nazo ni za reli pia kwa hiyo leo tunapanda gari la moshi mpaka mwisho wa ukurasa, anayeshuka ashuke sasa.

Assalaam alaykum Mjomba. Baraza letu lina mzee mmoja alifanya kazi reli miaka mingi, na kila baada ya Isha, kahawa ikishapita raundi ya pili, yeye huanza. Juzi katuletea hii. Ati kabla Mwingereza hajatandika reli yake kulikuwa na tajiri mmoja hapa Mji wa Kale, jina hataji, asema ni siri ya ukoo, alichoka kupanda punda kwenda Kilindini akaamua kujifanyia gari la moshi lake mwenyewe. Boila likafuliwa kwa umbo la dele la kahawa, na mdomo wake na mkono wake, manake fundi aliyepewa kazi alikuwa mfua madele na hakujua kufua kitu chengine. Magurudumu yakawa yateleza kwa hiyo likatiwa miguu miwili ya chuma kwa nyuma, yasukuma ardhi kama mtu anayepiga upondo. Likaenda kidogo likachoka, wakamtia punda ndani, awa akimbia pale pale alipo na sakafu ndio yazunguka chini yake. Halafu magurudumu yakapandishwa juu ya magurudumu mengine ili mwendo uzidi. Reli yenyewe ilikuwa moja tu, vichochoro vyetu si unavijua, gari likikaa juu yake kama shogi mgongoni mwa punda, abiria nusu huku nusu kule. Dohani ikawekwa chini ili moshi usichafue kanzu za watu. Maji yalikuwa ya bahari, ya bure. Na kuni zikiadimika ati walikuwa wakilichemsha kwa umeme! Safari ya kwanza likafika Makupa, punda akagoma, likazikwa hapo hapo, mpaka leo liko chini ya raundabauti. Mimi nikamwambia walahi mzee hakuna hata neno moja la kweli hapo. Akasema yapo. Tukawekeana: nikishindwa mimi nalipia kahawa na kashata baraza zima wiki nzima, akishindwa yeye anyamaze wiki nzima. Si kamari Mjomba, ni sadaka. Tuamue.
*Mpwa wako, Kibokoni*

Waalaykum salaam mpwa wangu. Anza kutafuta chenji.

Hilo gari halikuwepo, hilo nalisema mapema mzee asije akanikata kwenye kahawa. Hakuna tajiri, hakuna dele, na ukichimba Makupa utakutana na mabomba ya maji taka na watu wa kaunti wakikuuliza kibali. Lakini mzee wako si muongo wa kawaida, mzee wako ni mwizi wa vipuri. Miguu kaiiba Uingereza, shogi kaliiba Ireland, umeme kautoa Uswisi, akavileta vyote vichochoroni akavifunga na spana ya kahawa. Vipuri vyenyewe vilikuwepo kweli, vilichorwa na mafundi wenye akili timamu, wakapata na watu wa kuwapa pesa.

Tuanze na miguu ndio niipendayo zaidi. Mwaka 1813 fundi mmoja Mwingereza, William Brunton, alikuwa na wasiwasi uliowasumbua wengi wakati ule, kwamba gurudumu laini la chuma juu ya reli laini ya chuma likivuta mzigo mzito litazunguka tu bure bila kwenda, kama tairi la tuktuk kwenye matope ya Kisauni. Na usimcheke haraka, hata wewe ukiiangalia reli iliyonyeshewa utasema hivyo hivyo. Basi akatengeneza injini ya mvuke yenye magurudumu ya kubebea tu, na kwa nyuma akaitia miguu miwili, ya magoti na nyayo kabisa, huu ukisukuma ule unainuliwa, huu ukisukuma ule unainuliwa. Watu wakaiita farasi wa mvuke. Mwendo wake ulikuwa wa mtu anayetoka sokoni na kikapu. Upondo wa mzee wako ndio huo huo, tena kaueleza vizuri kuliko vitabu vingine nilivyosoma. Kichekesho ni kwamba mwaka huo huo kule Wylam, huko huko Uingereza, fundi mwengine William Hedley alikuwa ashajaribu akaona gurudumu laini linashika reli vizuri tu, uzito wa injini yenyewe unatosha kulibana. Yaani miguu ilizaliwa siku ambazo haihitajiki tena. Brunton aliunda nyengine kubwa zaidi ikapelekwa migodi ya Durham, na mwaka 1815 boila likapasuka watu wamekusanyika kuitazama, wakafa zaidi ya kumi. Hapo huwa naacha kucheka.

Mnyama ndani ya gari? Alikuwepo, ila ni farasi si punda. Oktoba 1829 wenye reli ya Liverpool na Manchester walitangaza mashindano pale Rainhill, zawadi pauni 500, waletewe injini ya kuvuta treni zao. Bwana mmoja Brandreth akaja na kitu anakiita Cycloped, ukifungua ndani hamna boila hamna moto, mna farasi anatembea juu ya mkanda wa mbao, mkanda unazungusha magurudumu. Mashindano ya injini za mvuke! Ni kama kwenda kwenye mashindano ya ngalawa umebeba tyubu ya tairi la gari. Inasimuliwa kwamba farasi mwenyewe aliivunja sakafu akatumbukia. Zawadi ilikwenda kwa Rocket ya Robert Stephenson ambayo siku hizo ilifikia karibu kilomita 48 kwa saa, mwendo ambao matatu za Likoni asubuhi haziuoti.

Magurudumu juu ya magurudumu nayo yalikuwepo, Marekani, miaka ya 1890, yaliitwa ya Holman, kila gurudumu kubwa limesimama juu ya madogo madogo. Haikuongeza nguvu hata chembe manake boila ni lile lile, ni kama kuvaa ndara juu ya ndara ukidhani utafika Nyali mapema. Kazi yake kubwa ilikuwa kuuzia watu hisa. Tuendelee.

Shogi sasa. Hapa mpwa wangu kaa vizuri. Ireland kulikuwa na reli kutoka Listowel mpaka Ballybunion, kama kilomita 14 hivi, ilianza 1888 ikaendelea mpaka 1924, na ilikuwa reli moja, imeinuliwa juu ya vyuma vya umbo la paa la nyumba, treni imeipanda kama mtu alivyopanda farasi, huku mguu huku mguu. Aliyebuni ni Mfaransa, Charles Lartigue, na wazo alilitoa kwa ngamia aliowaona Algeria wamebeba mizigo pande mbili imelingana. Sasa mtu wa Lamu akisoma hapa ashajua tatizo liko wapi kabla sijalisema. Umemuona punda wa Lamu akibeba mawe ya kujengea? Mwenye punda hajazi shogi moja akaenda kujaza la pili, anatia jiwe huku anatia jiwe kule, huku huku kule kule, la sivyo punda anageuka tumbo juu. Na treni ile ilikuwa hivyo hivyo. Injini yenyewe ilikuwa na maboila mawili, moja kila upande, manake boila moja lingeiangusha. Abiria wanapangwa wasawazishwe. Wanasimulia wenyewe kwamba mkulima akitaka kupeleka ng'ombe mmoja sokoni ilibidi upande wa pili watiwe ndama wawili wa kumlinganisha, na wakirudi ndama mmoja huku mmoja kule. Na ukitaka kuvuka kutoka ubavu huu wa treni kwenda ule, reli imesimama katikati kama ukuta, kwa hiyo walikuwa wakitembea na ngazi imefungwa kwenye treni! Miaka 36 hiyo, si wiki. Mzee wako hapa hakuongeza chumvi, alipunguza.

Na umeme, ambao najua ndio uliokufanya uape. Wakati wa Vita vya Pili Uswisi ilikosa makaa ya mawe, makaa yalikuwa yatoka nje, lakini umeme wa maporomoko ya maji walikuwa nao wa kumwaga na nyaya zimepita juu ya reli karibu nchi nzima. Mwaka 1943 wakachukua injini mbili ndogo za mvuke, zile za kupangia mabehewa stesheni, wakaziwekea kile chuma cha kugusa waya juu ya paa, na ndani wakatia hita, yaani ile ile koili ya kuchemshia maji ya kuoga ambayo hosteli wanakukataza. Injini ya mvuke inayopika chai kwa umeme. Ikishapata joto iliweza kuuacha waya ikafanya kazi dakika 20 hivi kabla haijarudi kuchemka. Ujinga? Mahali pengine ni ujinga, pale wakati ule ilikuwa hesabu safi.

Haya, sasa nije mahali mzee aliponaswa, na nitamnasa kwa swali la baba yangu Mungu amrehemu. Baba alikuwa fundi wa injini upande wa Changamwe, na mtu akija na stori ya injini yoyote, kubwa ndogo, ya kweli ya uongo, alikuwa akimsikiliza mpaka mwisho halafu anauliza kitu kimoja tu: "Na maji yatoka wapi?" Stori tisa kati ya kumi zilikuwa zinafia hapo. Mara moja alinipandisha kwenye kijumba cha dereva, nilikuwa sijaanza madrasa, mkebe wa wali wa mtia moto umewekwa kwenye kibao juu ya mlango wa tanuri unapata joto, na usoni kwangu kuna kijibomba cha kioo maji yanacheza juu chini ndani yake. Akaniambia hicho ndicho kinachotulisha. Yakishuka chini ya alama, paa la tanuri linabaki bila maji juu yake, chuma kinalainika, na lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi zaidi ya mara 1,600. Kioo chembamba kama kalamu.

Sasa mtie huyo tajiri wa Mji wa Kale maji ya bahari. Meli za mvuke za mwanzo zilifanya hivyo, sikatai, zilikuwa na presha ndogo na bado zilikuwa zikimwaga maji ya chumvi kila mara na kuingiza mengine. Lakini boila la gari la moshi lina mabomba membamba mengi na presha kubwa. Hebu chungulia ndani ya birika lolote la Mombasa linalochemsha maji ya kisima, ule ukoko mweupe uliogandamana chini, sasa hayo ni maji ya kisima tu tena unayanywa. Ya bahari yangeliziba hilo dele kabla halijamaliza Ndia Kuu. Hata reli ya kweli, iliyoanza kutandikwa hapa kwetu 1896, ilipofika jangwa la Taru iliteswa na maji kuliko kitu kingine, kila tone la watu na la injini lilikuwa linavutwa na treni kutoka nyuma. Treni inabeba maji ya kunywa treni. Na huyo tajiri yeye akaona bahari hiyo hapo akamaliza.

Kitu kimoja nimpe mzee kabla sijamuhukumu, reli mjini zilikuwepo kweli. Zamani Mombasa ilikuwa na troli, reli nyembamba zapita barabarani, juu kuna kiti na kipaa cha kitambaa, wakubwa wamekaa na kofia zao na watu wetu wawili wanasukuma kwa nyuma wakikimbia. Boila hakuna, punda hakuna, mvuke ulikuwa ni jasho. Magari ya motokaa yalipozidi zikang'olewa. Nadhani utotoni kwake alisikia wazee wake wakizitaja, halafu miaka na kahawa zikafanya kazi yao.

Hukumu: ulisema hakuna hata neno moja la kweli. Miguu, mnyama, magurudumu, shogi, umeme, hayo matano. Lipa wiki nzima na kashata ziwe za nazi. Mzee naye kwa ajili ya maji ya bahari na hiyo raundabauti anyamaze Ijumaa moja, kutoka Alasiri mpaka Isha.

Mjomba salamu. Mimi ni mama wa Changamwe, nimekulia karibu na reli. Nakumbuka sauti ya gari la moshi, chaa chaa chaa chaa, na nakumbuka vile mara moja tu lilikuwa linatoa moshi mweusi tititi mama yangu ametoka kuanika nguo. Mama mpaka anakufa alisema wale watu walikuwa wanafanya makusudi. Ni kweli walikuwa wanafanya makusudi? Na ile chaa ni ya nini?
*Mama wa Changamwe*

Dada yangu, marehemu alikuwa na haki, walikuwa wanafanya makusudi, ila si kwa ajili ya shuka zake.

Chaa kwanza. Umewahi kuwasha seredani makaa yakawa mabichi, unafanya nini, unachukua kipepeo. Gari la moshi linajipepea lenyewe. Mvuke ukishamaliza kusukuma pistoni hautupwi tu ovyo, unapelekwa chini ya dohani unatoka juu kwa kishindo, na ukitoka unavuta hewa nyuma yake, hewa inaingia kwenye moto, inapita mabomba ya boila, inatoka na moshi. Kila chaa ni kipepeo kimoja. Injini ya silinda mbili inapepea mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu, kwa hiyo ukisikia chaa za haraka haraka nyepesi inakwenda mteremko, ukisikia chaa nzito moja moja ujue inapanda Mazeras na mzigo. Na uzuri wake ni huu, ikifanya kazi ngumu inapuliza zaidi, ikipuliza zaidi moto unapanda, nguvu inakuja yenyewe wakati inahitajika. Hakuna mtu aliyekaa akaizungusha feni. (Ndio maana dohani ya chini ya yule mzee ingefanya kazi kweli, ingepuliza vizuri tu, ila ingepulizia majivu ya moto vifundoni mwa abiria na kanzu zingeanza kuungua kutoka pindoni.)

Moshi mweusi sasa. Injini za wakati wako zilikuwa zinachoma mafuta mazito, si kuni wala makaa. Mafuta mazito yanaacha masizi ndani ya yale mabomba, na masizi yakiganda joto halifiki kwenye maji. Kwa hiyo mtia moto alikuwa na ndoo ya mchanga. Mchanga, ule ule wa kawaida. Injini ikiwa inavuta kwa nguvu anachota kata moja anaumwaga kwenye tanuri, ile hewa inauchukua, unapita ndani ya mabomba unakwangua masizi yote na kutoka nayo juu kwa dohani, wingu jeusi ungedhani mji unaungua. Nimelishuhudia mara nyingi. Ilibidi ifanywe inapovuta kwa nguvu, na ikitoka stesheni kupanda kwenda bara ndipo inapovuta kwa nguvu, na hapo ndipo zilipo kamba zenu za nguo. Kama mtia moto alijua siku ya kufua ya mama yako hilo sina ushahidi, lakini baba yangu alikuwa akicheka nikimuuliza.

Mjomba, kuna ubishi hapa kazini bandarini. Mimi nasema zile Garratt za zamani ni ubunifu wa ajabu ajabu, injini mbili zimetazamana migongo na boila limeninginia katikati, mbona hawakutengeneza tu injini moja kubwa? Mwenzangu anasema zilikuwa bora duniani. Nani mkweli?
*Kijana wa Kilindini*

Mwenzako. Lakini swali lako ni zuri manake hiyo "injini moja kubwa" watu waliijaribu wakajuta.

Warusi mwaka 1934 walitoa injini inaitwa AA20, ekseli saba za kusukuma zimefungwa kwenye fremu moja isiyopinda. Saba! Shika ubao mrefu ujaribu kuupitisha kwenye kona ya kichochoro cha Mji wa Kale utajua kilichotokea. Kwenye kona ilizipanua reli zenyewe, kwenye njia panda za reli iliharibu, wakaionyesha onyesha kidogo halafu ikawekwa kando mpaka ikakatwa vyuma miaka ya 1960. Wamarekani nao 1914, kampuni ya Erie, walifunga seti tatu za magurudumu ya kusukuma chini ya injini moja, seti moja iko mpaka chini ya tangi la maji, nguvu za kutisha, ila boila ni moja na halikuweza kutoa mvuke wa kulisha zote. Sufuria moja ya pilau arusi tatu. Ilikuwa inavuta kwa nguvu dakika chache halafu imeishiwa pumzi, ikabaki kusukuma treni za wengine kwenye vilima polepole.

Herbert Garratt, Mwingereza, yeye alikwenda kinyume. Aligawa. Magurudumu seti mbili mbali mbali kila moja inajipinda kivyake kwenye kona, boila katikati halina magurudumu chini yake kwa hiyo linaweza kuwa nene na tanuri likawa pana na la kina, maji yamewekwa mbele na nyuma yakikandamiza magurudumu yashike reli. Ukiiangalia ni kama watu wawili wamebeba jeneza. Za kwanza zilikwenda Tasmania 1909, zilitengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester, na nchi tajiri zenye reli pana na nzito hazikuzihitaji sana. Aliyezihitaji ni sisi. Reli yetu ya zamani upana wake ni mita moja tu, reli nyepesi, kona nyingi, na inaanzia baharini kupanda mpaka Nairobi zaidi ya mita 1,600 juu. Huwezi kuweka uzito wote mahali pamoja, lazima uutandaze.

Zile za daraja la 59 zililetwa 1955 na 1956, zilikuwa 34, kila moja tani 252 na urefu wa mita 31 na kitu, pima matatu sita za Nissan zimefuatana. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kwenye reli za mita moja hakujatumika injini ya mvuke yenye nguvu kuliko hizo popote duniani, na zilikuwa zinavuta tani 1,200 kutoka hapa kwenda Nairobi. Baba alikuwa akisema ukisimama karibu moja ikiondoka utasikia injini mbili zinapiga chaa pamoja, halafu taratibu zinaachana, zinapishana kama ngoma mbili, halafu zinakutana tena. Nami nimeisikia. Na kuna kubwa zaidi ilichorwa, daraja la 61, tani 372, ikabaki karatasini, dizeli zilikuwa zishaingia. Hiyo kama ingejengwa sijui kama ningekuwa upande wako au wa mwenzako.

Mjomba, treni ya SGR ya Miritini inatumia dizeli, kwa nini bibi yangu bado anaiita gari la moshi? Na kuna mahali naweza kumpeleka kijana wangu aone la moshi lenyewe?
*Baba wa Bamburi*

Bibi yako aliliona likipita kabla hujazaliwa, usimrekebishe. Na ukipanda hiyo ya Miritini ukashuka Nairobi, Syokimau, ingia ya zamani mpaka stesheni ya mjini, makumbusho ya reli iko hapo karibu. Garratt mbili za daraja la 59 zipo, 5918 iliyopewa jina la Mount Gelai na 5930 ya Mount Shengena. Akipanda kwenye kijumba cha dereva muonyeshe kile kijibomba cha kioo, na kibao cha kuwekea mkebe juu ya mlango wa tanuri. Avae nguo za zamani.